Ng'ombe wa Kwenye Kioo

Tuseme ukweli mapema, asije akasingiziwa mtu mwingine. Aliyeichagua Zizi la Namba ni Mwalimu Fransiska mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya walimu wenzake, na makofi akapiga juu yake.

Zizi la Namba ni programu ya kuwafundisha watoto kuhesabu. Unaifungua kwenye kishikwambi, ng'ombe wanatokea kwenye kioo, na sauti ya dada mmoja mpole inauliza, "Ng'ombe wangapi?" Mtoto anagusa namba. Akipatia, ng'ombe wanacheza na muziki unalia. Akikosea, dada yuleyule anasema, "Kosa! Haya, swali lingine." Shule yao, iliyoko kata ya Masakta kule Hanang, ilikuwa imepewa vishikwambi kumi na viwili na shirika moja la wafadhili, na masharti hayakuwa magumu: jaribuni wiki mbili, chagueni programu moja kati ya tatu, Ijumaa ya mkutano wa wazazi mtuambie, nasi tutawawekea kwa mwaka mzima. Ukishachagua umechagua. Kubadili ni mpaka mwakani.

Ya kwanza ilikataliwa kabla chai haijapoa. Ilikuwa na treni, na mtoto aliyevaa koti la theluji, na matunda ambayo hata mwalimu mkuu aliyataja kwa kubahatisha. Ya pili iliitwa Kokoto. Hiyo, jamani, ilikuwa na nukta nyeusi kwenye kioo cheupe, basi. Hakuna wimbo, hakuna dada, hakuna hata jogoo wa kuwika. "Hii ni ya kuwafundishia wafungwa," alisema Fransiska, na ofisi nzima ya walimu ikacheka.

Ya tatu ndiyo Zizi. Fransiska aliiona akaipenda, na Fransiska akishapenda kitu hasikii la padri wala la katekista. Lakini sababu alikuwa nayo. Yeye ni mtu wa Daudi, juu kule Mbulu, binti wa wakulima wa mahindi na maharage, na kuhesabu alijifunza kwa kitabu chenye meli. Alihesabu meli saba, meli tisa, meli kumi na mbili, wakati maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya lambo la kunyweshea mifugo. Akaapa kwamba siku akiwa mwalimu, watoto wake watahesabu vitu wanavyovijua. Sasa huku tambarare watoto wanajua nini? "Ng'ombe," aliwaambia wenzake. "Kuna wa kubisha?" Hakuna aliyebisha.

Basi darasa la pili, watoto arobaini na watatu, wakafanya jaribio la maswali kumi na nane. Kishikwambi chenyewe kikasahihisha, kikapanga majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wengi walifanya vizuri sana. Mwalimu Mkuu Evarist, mtu mnene, mwenye huruma, lakini anayependa mambo yaende kwa ratiba, akasema orodha hiyo itasomwa mkutanoni ili wazazi wafurahi.

Fransiska aliisoma mpaka chini. Jina la mwisho lilikuwa Juliana Qamara, asilimia kumi na moja, maswali mawili tu kati ya kumi na nane.

Kila darasa lina wa mwisho wake, hilo mwalimu yeyote analijua. Ila huyu alikuwa Juliana, na Juliana kufika shuleni haikuwa kazi ndogo. Miaka miwili nyuma Fransiska alimwona njiani anachunga ndama, mtoto wa miaka saba, akaenda kwa baba yake kumwombea shule. Mzee Qamara alikataa. Akaenda tena, akakataa tena, safari hii akampa na maziwa. Mara ya tatu mzee akasema neno ambalo Fransiska hakulisahau.

Na ili ulielewe neno hilo, ujue kwanza kwamba huku kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini mwake. Mmoja anampeleka kwa rafiki, mwingine kwa shemeji, wakatunzwe huko. Mtunzaji anakunywa maziwa, mwenyewe anabaki mwenyewe, na ugonjwa ukipita kwake, hawafi wote siku moja. Ng'ombe asipopendeza alipo, mwenyewe anakuja kumchukua, na urafiki hauvunjiki.

"Mwalimu," alisema Mzee Qamara, "namweka huyu mtoto kwako kama ninavyoweka ng'ombe kwa rafiki. Miaka miwili. Nikiona amefaa, atabaki. Nikiona hakufaa, namchukua, shangazi yake ana ndama wasio na mchungaji. Na hatugombani."

Miaka miwili ilikuwa inakwisha Ijumaa hiyohiyo ya mkutano. Asilimia kumi na moja, isomwe kwa sauti, mbele ya baba yake! Fransiska alikunja orodha akaiweka kwenye mkoba, kana kwamba ikikaa gizani itajirekebisha.

Jumatano, wenzake walipotoka kwenda kucheza, alimbakiza Juliana darasani. Akamwaga konzi ya punje za mahindi juu ya dawati.

"Hesabu, mwanangu."

Juliana alihesabu. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye shingo ndefu, asiyekuwa na haraka na jambo lolote duniani. Alizipanga punje kumikumi bila kuambiwa. "Sitini na saba, Mwalimu."

"Nikiondoa kumi na tisa?"

Juliana alitazama juu kidogo. "Arobaini na nane."

Sawasawa kabisa. Fransiska kwa furaha akawasha kishikwambi haraka, akafungua Zizi la Namba. Ng'ombe watano wakatokea, wekundu, wanono, wamesimama kwenye majani ya kijani. "Ng'ombe wangapi?" akauliza dada wa kwenye kioo.

Juliana aliinama, akatazama. Akagusa namba moja.

"Kosa! Haya, swali lingine."

"Juliana, tazama vizuri."

Wakaja ng'ombe wanane. Juliana akatazama vizuri, maana aliambiwa atazame vizuri. Akagusa moja.

"Kosa!"

"Juliana! Unanitania?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hawa hapa ni wangapi?"

"Mmoja, Mwalimu."

Fransiska ni mtu wa hasira za moto wa mabua, unawaka sana, unazimika mapema. Lakini ulipowaka alisema jambo ambalo baadaye lilimuuma. Alisema, "Basi wewe nenda tu ukachunge." Mtoto hakulia. Alichukua daftari lake, akasema asante Mwalimu kama walivyofundishwa, akatoka. Fransiska akabaki na punje sitini na saba na aibu yake.

Alipomweleza Mwalimu Mkuu, Evarist hakushangaa hata kidogo. Mzee yule alikuwa na jibu la kila kitu, na nusu ya majibu yake yalikuwa sahihi. "Ni mwiko," alisema. "Wafugaji wa huku tambarare hawahesabu ng'ombe. Wanaogopa watakufa. Mtoto amekatazwa nyumbani, ndiyo maana anagusa moja tu, amalize, aondoke. Tulipaswa kulijua hilo."

"Sasa tufanye nini?"

"Tufanye nini? Zizi tumeshalichagua, dada Irene wa shirika anakuja Ijumaa na kamera yake. Mwalimu, usituvurugie. Wewe nenda kaongee na baba yake, amruhusu mtoto ahesabu, tumpime upya, mambo yaishe."

Ilionekana ni akili. Kwa hiyo Alhamisi, baada ya vipindi, Fransiska alifunga kishikwambi kwenye kitenge, akakitia mkobani, akafuatana na Juliana kwenda kwao. Ni mwendo wa saa nzima, mlima Hanang uko upande mmoja, tambarare upande wa pili, vumbi kote. Njiani Fransiska alisema, "Juliana, jana nilikwambia neno baya." Juliana alisema, "Ndiyo, Mwalimu." Fransiska hakujua kama amesamehewa.

Walimkuta Mzee Qamara amesimama mlangoni pa zizi, fimbo begani, ng'ombe wanarudi.

"Shikamoo, Baba Juliana."

"Marahaba, Mwalimu. Ngoja kidogo." Hakugeuza hata kichwa.

Ng'ombe waliingia mmoja mmoja, wengine wawili wawili wakisukumana. Mzee midomo yake haikucheza, vidole vyake havikucheza. Alikuwa anatazama tu. Wa mwisho alipoingia, mzee, ambaye kila ng'ombe humwita kwa jina la mama yake, akasema, "Binti wa Pembe Moja hayupo." Juliana akamwambia, "Nimemwona kule kwenye korongo, Baba, anajikuna," na akaondoka mbio. Baada ya muda akarudi na huyo binti, mtamba mweusi aliyekuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa. Zizi likafungwa.

Fransiska alikaribishwa kigoda, akapewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Aliyanywa, akashukuru, akaulizwa habari za Daudi, za mvua, za wazazi wake mmoja baada ya mwingine. Mpaka hapo adabu ilikuwa imetimia, akajifuta mdomo, akaanza kwa sauti ya upole aliyokuwa ameiandaa njia nzima.

"Baba Juliana, nimekuja kuomba radhi. Tumewahesabisha watoto ng'ombe bila kujua kwamba kwenu ni mwiko."

"Mwiko gani?"

"Wa kuhesabu ng'ombe."

Mzee Qamara alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika ubavu. "Nani kakwambia? Mwalimu, mimi nawahesabu kila siku jioni, si umeniona sasa hivi? Ninachokataa ni kukwambia wewe ni wangapi. Hayo ni mambo mawili!" Akacheka tena. "Wewe ukienda dukani Dongobesh unatangaza una shilingi ngapi mfukoni?"

Fransiska akacheka naye, ingawa kicheko hakikufika mbali. Maana kama si mwiko, basi ni nini? Basi mtoto hajui. Hakuwa na la kuficha tena. Akamweleza mzee kila kitu, jaribio, orodha, asilimia kumi na moja, na punje sitini na saba. Aliposema namba hiyo ya kumi na moja, mzee aliacha kucheka.

"Nionyeshe hao ng'ombe," alisema.

Fransiska alikifungua kitenge, akawasha kishikwambi. Ng'ombe watano wakatokea. Mzee Qamara alikipokea kwa mikono miwili, akakisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akatazama. Hatimaye akasema:

"Ng'ombe mzuri. Wa nani?"

"Si wa mtu, Baba. Ni picha. Ni watano."

"Watano wako wapi?"

"Hawa hapa. Mmoja, wawili, watatu..."

"Mwalimu." Mzee aliweka kidole kwenye kioo, taratibu. "Tazama hili baka jeupe, hapa begani, lina umbo la jani. Umeliona? Tazama sasa kwa huyu. Na huyu. Tazama pembe ya kushoto ilivyopinda. Tazama sikio hili, limechanika kidogo kwa chini. Huyu ni ng'ombe mmoja. Sijui wamemfanyaje mpaka akasimama mara tano, lakini ni huyohuyo mmoja."

Fransiska aliinama. Alitazama baka. Alitazama pembe. Alitazama sikio, moja, la pili, la tatu, la nne, la tano. Mchoraji alikuwa amechora ng'ombe mmoja tu, akamnakili, na maswali mawili aliyopata Juliana yalikuwa yale ya ng'ombe mmoja. Wiki mbili nzima Fransiska amewatazama ng'ombe wale, amewapigia makofi, na hakuwa amewaona. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Juliana yeye aliambiwa, mara kumi na nane, na mara kumi na nane akatazama.

"Juliana!" aliita. Mtoto akaja, mikono nyuma. "Kwa nini hukuniambia kwamba ni huyohuyo?"

Juliana alimtazama baba yake kwanza, kisha mwalimu. "Hukuniuliza, Mwalimu. Uliuliza wangapi."

"Na kilipokuwa kinakwambia kosa, kila mara?"

"Nilifikiri hakijui ng'ombe," alisema Juliana. "Nikakihurumia."

Hapo ungetegemea mambo yaishe, watu wacheke, mwalimu aage arudi kwake na furaha yake. Fransiska mwenyewe alikuwa ameshaanza kucheka, machozi yanamtoka, amemshika mtoto mabega. Lakini Mzee Qamara hakucheka. Alikuwa amekilaza kishikwambi magotini na uso wake umefunga.

"Sasa utamfundisha nini?" aliuliza.

"Vipi, Baba?"

"Kesho. Utamwambia aseme watano, sivyo? Ili apate alama. Hao wenzake arobaini waliosema watano, wako wa wafugaji humo?"

Fransiska akakumbuka. Walikuwamo, tena wengi. Wachache kati yao walianza kwa kugusa moja, wakaambiwa kosa, wakabadilisha, wakapata asilimia themanini na tisini. Akasema kweli: "Wamo."

"Wale wameshajifunza." Mzee alikuwa anaongea polepole, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi Fransiska. "Mwalimu, mimi nilikuletea mtoto mwenye macho. Ukinirudishia mtoto anayeona ng'ombe watano pale penye mmoja, nimepata nini? Huyo hawezi hata kunichungia ndama. Nilidhani kesho nitakuja kusikia kama mtoto wangu ameshindwa shule. Kumbe ni shule."

Kuku waliingia bandani. Fransiska alikiweka chini kibuyu kitupu, akaamua kutojitetea.

"Baba," alisema, "mimi nisingeweza. Ningeambiwa kosa mara mbili tu, mara ya tatu ningesema watano. Mimi mtu mzima, nina cheti. Huyu kaambiwa mara kumi na sita, na mimi nikamwongezea na maneno mabaya, na hakubadili. Sikumfundisha mimi hilo. Lakini mtoto wa namna hiyo ndiye ninayemtaka shuleni." Akakifunga kishikwambi kwenye kitenge. "Kesho nitasimama mbele ya watu wote nitasema aliyekosea ni mimi. Njoo usikie. Nisiposema, mchukue, na hatugombani."

"Nitakuja," alisema, wala hakuahidi zaidi ya hapo.

Ijumaa watu walijaa. Wakulima walikaa upande mmoja wa darasa, wafugaji upande wa pili, siyo kwa ugomvi, ni mazoea tu. Mzee Qamara alikaa nyuma kabisa, fimbo katikati ya magoti. Dada Irene wa shirika alikuwa amevaa fulana yenye picha ya ng'ombe yuleyule, na Fransiska alipomwona ng'ombe kifuani pa mgeni, nusura akimbie.

Asubuhi alikuwa amemweleza Mwalimu Mkuu. Evarist alikuna kichwa, akasema, "Lakini, Mwalimu, picha ni picha! Watoto thelathini na tano wamefaulu! Utawaambia nini wazazi wao?" Kisha, kwa kuwa alikuwa na huruma kuliko ratiba, akaongeza, "Dakika tano. Zisizidi."

Basi zamu yake ikafika. Alisimama, orodha mkononi.

"Wazazi, shikamooni."

"Marahaba."

"Kati ya programu tatu, mimi ndiye niliyechagua hii ya ng'ombe. Niliwashinikiza wenzangu. Nilisema inawafaa watoto wenu kwa sababu mnafuga. Nilikosea. Na mtoto aliyeliona kosa langu nilimweka wa mwisho, na nikamwambia akachunge." Akakiinua kishikwambi. "Naomba mtazame wenyewe. Mseme ni ng'ombe wangapi."

Kishikwambi kikapita kutoka benchi hadi benchi. Upande wa wakulima kilipita haraka: watano, watano, watano, sasa kuna nini hapa? Kikavuka kwenda upande wa pili. Mama mmoja mzee, Gaudensia, ambaye hajawahi kushika hata simu, alikitazama akasema, "Mmoja." Jirani yake akachungulia. "Mmoja. Mbona wamemrudiarudia?" "Mmoja." "Mmoja, na sikio limechanika."

Ee! Darasa likalipuka. Wakulima wakasema wafugaji wana maruweruwe, wafugaji wakasema ndiyo maana mbuzi wa wakulima wanapotea kila Krismasi na wenyewe hawajui ni yupi. Bwana mmoja aliapa kwa jina la mama yake kwamba ni watano. Mwalimu Mkuu alipiga meza, hakuna aliyemsikia.

Aliyeyamaliza ni Irene. Alikichukua kishikwambi, akaikuza picha kwa vidole viwili, akatazama begani, akatazama sikioni. Akatazama fulana yake. "Ni kweli," alisema, na lazima tumsifu, hakujitetea. "Ni picha moja. Imenakiliwa."

"Basi tuwekeeni Kokoto," alisema Fransiska.

"Lakini, Mwalimu, Kokoto nayo ni nukta zilezile. Zote zinafanana. Mtoto huyo si atasema moja tena?"

Swali lilikuwa zuri. Safari hii Fransiska alikumbuka kwamba kuuliza si ujinga. Alimwita Juliana mbele, akamfungulia Kokoto. Nukta zikajaa kioo kizima, nyeusi juu ya nyeupe, mbaya vilevile kama siku ya kwanza. Juliana alitazama, midomo haikucheza, akagusa tatu, akagusa saba. Thelathini na saba. Sahihi. Zikaja nyingine. Ishirini na nne. Sahihi. Hamsini na mbili. Sahihi.

"Mbona hizi hukusema ni moja?" Fransiska alimuuliza, kwa sauti ya kawaida, anayetaka kweli kujua.

Juliana alimshangaa. "Nukta haina mama, Mwalimu."

Watu walicheka, hata yule bwana aliyeapa, na Irene akaandika Kokoto kwenye karatasi yake. Fransiska hakucheka. Alikuwa anatazama nyuma ya darasa, maana Mzee Qamara alikuwa ameinuka, anaiweka fimbo begani kama mtu anayeondoka. Kelele zikapungua zenyewe.

"Mimi ndiye baba wa huyo wa mwisho," alisema mzee. "Mambo ya namba siyajui sana. Nilikuja kusikia kama Mwalimu atalisema aliloniambia kwangu. Nimelisikia." Akageukia mlangoni, kisha akasimama. "Jumatatu nitamleta mdogo wake, Marieta."

Fransiska akamfuata hatua mbili. "Na Juliana, Baba? Miaka miwili imeisha leo."

Mzee Qamara alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeishi na wafugaji miaka mingi na bado hajaelewa kitu.

"Mwalimu, ng'ombe akitunzwa vizuri kwa rafiki, nani anakwenda kumwondoa? Unampelekea wa pili."

Akatoka. Fransiska alikaa chini pale pale kwenye dawati la mtoto, akajifunika uso kwa kitenge, akalia mbele ya wazazi wote bila kuona haya. Alipokuwa bado analia alihisi mkono mdogo unamvuta mkono wa gauni.

"Mwalimu," Juliana alinong'ona, "Marieta bado hajui namba hata moja. Ila ng'ombe wote anawajua."

"Nitamuuliza yeye kwanza anaona nini," alisema Fransiska, akapenga kamasi.